Treni Iliyomleta Babu: Historia Simulizi na Swali la "Wewe ni wa Wapi?"

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, ndiyo kwanza nimemaliza kidato cha sita, nimesimama mbele ya dirisha la ofisi moja nikifuatilia kitambulisho. Mtumishi wa upande wa pili akasoma jina langu la ukoo, akalirudia kwa sauti, kisha akaniangalia usoni. "Hili jina ni la kwetu kweli? Mbona kama la Kirundi?" Nikamwambia sisi ni watu wa Korogwe. Akacheka. "Korogwe hakuna majina haya. Babu yako kazaliwa wapi?"

Sikuwa na jibu la maana. Nilijua babu ni Muha, nilijua alikuja Tanga kukata mkonge, basi. Nilizunguka wiki kadhaa na barua za mtendaji wa kijiji mpaka mambo yakakaa sawa, na kitambulisho nikakipata. Ila lile swali sikuliacha pale dirishani, nilikuja nalo mpaka chuo. Mwaka jana, kwenye somo la mbinu za kufundisha Historia, mhadhiri alitupa kazi ya kumhoji mzee mmoja na kuandika kurasa nane. Wenzangu wengi waliguna, maana tesiti zilikuwa zinakaribia na bumu lilikuwa limeshakata. Mimi nilishajua nakwenda kumhoji nani.

Makala haya yanaeleza nilichofanya na nilichojifunza kuhusu historia simulizi: ni nini, inafanyikaje, na kwa nini inawafaa hasa watu wanaoulizwa kila mara "wewe ni wa wapi", yaani wahamiaji, watoto na wajukuu wao, na jamii ndogo zinazoishi katikati ya jamii kubwa. Naandika kama mwanafunzi wa ualimu, si mtaalamu. Makosa niliyoyafanya nitayasema, ili wewe usiyarudie.

Historia simulizi ni nini hasa

Wengi tunachanganya vitu viwili. Kuna mapokeo simulizi, yaani habari zinazorithishwa kizazi hadi kizazi: asili ya ukoo, orodha ya watemi, jinsi mababu walivyovuka mto fulani. Jan Vansina, Mbelgiji aliyeanza utafiti wake kwa Wakuba wa Kongo mwaka 1953, ndiye aliyewalazimisha wanahistoria wa Ulaya kuyachukulia mapokeo hayo kama chanzo halali, kinachoweza kuchunguzwa na kupimwa kama hati. Kitabu chake kilitoka mwaka 1961. Hapa kwetu Isaria Kimambo alitumia njia hiyo kuandika historia ya Wapare, na Kenya Bethwell Ogot akaitumia kwa Wajaluo.

Historia simulizi ni jambo la karibu zaidi. Hapa mtu anasimulia mambo aliyoyaishi mwenyewe, unamhoji, unamrekodi, halafu unaichunguza simulizi yake. Haichimbuliwi kama jiwe. Inatengenezwa na watu wawili pale pale mlipokaa. Ukibadilisha swali, simulizi inabadilika, na akija mtu mwingine na swali lile lile, anaweza kuondoka na habari tofauti.

Na tusidhani kuwa hii ni kazi ya maprofesa tu. Mwaka 1968 wanafunzi wa Historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wa shahada ya kwanza kama mimi na wewe, walikwenda vijijini kukusanya simulizi za wazee kuhusu Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Wakati huo bado walikuwepo wazee walioviona vita vile kwa macho yao. Kabla ya hapo, mengi yaliyojulikana kuhusu vita hivyo yalitoka kwenye maandishi ya Wajerumani, yaani upande ulioshinda.

Hapo ndipo penye sababu ya kuitumia njia hii kwa wahamiaji. Mhamiaji maskini huwa na karatasi, lakini karatasi zake zimeandikwa na watu wengine. Mwajiri kaandika namba yake, polisi kaandika kosa lake, ofisa kaandika kabila lake kwa kusikiliza jina. Ukitafuta historia yake kwenye mafaili utamkuta, ila utamkuta kama walivyomwona wao.

Manamba

Nieleze kidogo mkonge, maana bila mkonge mimi nisingezaliwa Korogwe. Mmea huu uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai Tanga ilikuwa 62 tu. Kutoka miche hiyo 62 yakaja mashamba yaliyotanda Tanga, Muheza, Korogwe, Morogoro na kwingineko. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mkonge uliitwa dhahabu ya kijani, na katika miaka ya 1950 zaidi ya watu 100,000 walikuwa wakifanya kazi mashambani humo.

Watu hao walitoka wapi? Wenyeji wa karibu, Wazigua, Wabondei, Wasambaa, walikuwa na mashamba yao na hawakupenda kazi ile ya miiba na jua kwa ujira mdogo. Basi wenye mashamba wakatafuta watu wa mbali. Mwaka 1944 waliunda chombo chao cha kuajiri, SILABU, kilichokwenda kuchukua wanaume Kigoma, Ubena, Songea na kusini. Wengine walitoka nje kabisa ya mipaka: Ruanda-Urundi na Msumbiji. Aliyeajiriwa hivyo alipewa namba, na kutokana na namba hizo likazaliwa neno manamba. Kila mmoja alikuwa na kipande, kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Kazi isipokamilika, siku haihesabiwi.

Mkonge ulifika kilele mwaka 1964, tani kama 230,000. Baada ya hapo nyuzi za plastiki zikashusha bei duniani, mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967, na kufikia miaka ya 1990 uzalishaji haukufika hata sehemu ya tano ya ule wa 1964. Korona nyingi, yaani zile mashine za kuchakata majani, zikanyamaza. Watu hawakuondoka wote. Ukipita leo vijiji vya zamani vya mkonge utakuta wajukuu wa Waha, Wabena, Wangoni, Wamakonde na Warundi, Kiswahili chao ni cha Tanga kabisa, wakiulizwa kwa majina yao tu kama kweli ni wa hapa.

Nilivyoharibu mahojiano ya kwanza

Nilikwenda kwa babu likizo ya Pasaka na maswali 24 nimeyachapa vizuri. Nikamsalimia, nikamweleza kazi ya chuo, akakubali. Tukakaa chini ya mwembe, simu nimeiweka juu ya kigoda, nikasoma swali la kwanza: "Babu, wewe ni kabila gani na ulizaliwa wapi?"

Babu alijiweka sawa. Huyu mtu ambaye siku zote akiniona huniita "mke wangu" na kunidai tumbaku, sasa akawa anajibu kwa sentensi fupi fupi kama yuko mbele ya hakimu. Kabila Muha. Mkoa Kigoma. Dini Mkristo. Kabla sijafika swali la pili akainuka, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa plastiki. Ndani yake kulikuwa na kadi ya chama, kadi ya mpiga kura na risiti za zamani za kodi. Akazipanga juu ya kigoda pembeni ya simu yangu, moja baada ya nyingine.

Nilitaka ardhi ipasuke. Nilikuwa nimemletea lile dirisha la ofisi mpaka nyumbani kwake.

Hilo ndilo somo la kwanza, na kwangu ndilo kubwa. Kwa mtu ambaye uhalali wake umekuwa ukiulizwa maisha yake yote, swali la "unatoka wapi" halijawahi kuwa swali la kawaida. Ukilitanguliza, utapata lile jibu ambalo limeshakaririwa kwa ajili ya maofisa. Litakuwa jibu la kweli pengine, ila halitakwambia kitu kuhusu mtu huyo anavyojiona.

Nikafunga daftari. Nikamuuliza tu, "Babu, siku ya kwanza kabisa kulala hapa, ulilala wapi?"

Akacheka. Akasema walilala tisa chumba kimoja, juu ya magunia, na usiku kucha kuna mtu alikuwa anakohoa. Akaeleza mnyapara aliyekuwa anapita alfajiri akigonga milango kwa fimbo. Akaeleza mikono ilivyokuwa inawasha kwa utomvu wa mkonge mpaka unashindwa kushika tonge. Kuanzia hapo sikuhitaji tena ile karatasi ya maswali 24. Tulikaa mpaka jua likashuka.

Treni ambayo haikuwepo

Sasa njoo kwenye kisa kilichonifundisha zaidi. Babu alisimulia vizuri sana alivyofika. Walipanda treni Kigoma, wakasafiri siku nyingi, na wakashuka stesheni ya Korogwe asubuhi kukiwa na ukungu. Aliukumbuka mpaka mlio wa breki. Alikumbuka bibi yangu, Mungu amrehemu, akishuka na kikapu cha migebuka mikavu aliyoitunza njia nzima. Na alisisitiza kwamba ilikuwa kabla ya Uhuru, Mwingereza bado yupo.

Niliporudi chuo nikaanza kulinganisha na vitabu, na mambo hayakukaa. Reli ya Kati inayotoka Kigoma na reli ya Tanga inayopita Korogwe hazikuwa zimeunganishwa wakati wa Mwingereza. Kipande cha kuziunganisha, kati ya Ruvu na Mnyusi, kilifunguliwa mwaka 1963. Kabla ya hapo, mtu wa Kigoma hakuweza kuja na treni mpaka akashukia Korogwe akitokea Reli ya Kati. Halafu kulikuwa na jambo la pili. Babu mwenyewe alikuwa amesema kwamba alikuja kijana, hajaoa, na kule bwenini walilala wanaume tisa. Bibi na kikapu chake wanatoka wapi?

Nikamwambia mwenzangu wa chumba. Akasema, "Basi babu yako anachapia. Tafuta mzee mwingine."

Ushauri huo ungekuwa sawa kama kazi yangu ingekuwa kujua ratiba za treni. Lakini kuna kisa kinachojulikana sana kwa wanaofanya historia simulizi. Mwitaliano Alessandro Portelli alichunguza kifo cha Luigi Trastulli, mfanyakazi wa kiwanda cha chuma cha Terni, aliyeuawa na polisi mwaka 1949 kwenye maandamano ya kupinga Italia kujiunga na NATO. Portelli alipowahoji wafanyakazi miaka mingi baadaye, wengi walisimulia kwamba Trastulli aliuawa mwaka 1953, kwenye vurugu za kupinga watu kufukuzwa kazi. Hawakuwa wamepanga kudanganya. Kifo kile cha 1949 kilipita bila wenzake kuweza kukijibu, na hilo liliwauma. Mwaka 1953 ndipo walipoingia barabarani na kupambana. Kumbukumbu ikakihamisha kifo mpaka pale kilipopata maana kwao. Portelli akasema kosa kama hilo lisitupwe, kwa sababu linaonyesha tukio lilikuwa na maana gani kwa watu, jambo ambalo tarehe sahihi haiwezi kulisema.

Nikarudi kwa babu likizo iliyofuata. Sikumwambia kuwa alikosea. Nilimwomba tu anisimulie tena ile safari, na bibi alikuwa kabeba nini vile. Alipofika kwenye kikapu nikamuuliza taratibu, "Kwani babu, ulipolala na wale tisa, bibi alikuwa wapi?"

Akanyamaza. Halafu akatabasamu. "Kumbe unasikiliza, mke wangu."

Ndipo ikatoka safari nyingine. Mara ya kwanza alikuja miaka ya hamsini, kwa mkataba, sehemu ya mwisho ya njia kwa lori, wamesimama wamebanana, na namba yake. Hiyo namba hakutaka kuitaja. Mkataba ulipoisha akarudi Kigoma, akaoa. Baada ya Uhuru akarudi Korogwe kwa hiari yake, na mke, na nauli ya mfukoni mwake. Hiyo ndiyo safari ya treni, ya ukungu na ya migebuka. Nikamuuliza kwa nini mara ya kwanza hakuniambia kuhusu lori.

Akasema, "Ile ya kwanza sikuja. Ile nililetwa. Nilikuja na bibi yako."

Ningesahihisha tarehe na kuendelea, ningepata ukweli mmoja mdogo na kupoteza ule mkubwa. Babu hahesabu kuwa wa Korogwe tangu siku aliyokanyaga Korogwe. Anahesabu tangu siku aliyochagua kuwa hapo. Na kwake mambo mawili, kuchagua na Mwingereza kuwepo, yalipogongana, tarehe ndiyo iliyosogea. Ile "kabla ya Uhuru" ilibaki kwenye simulizi, nadhani kwa sababu ndiyo jibu alilozoea kuwapa wanaomuuliza ni wa tangu lini. Aliyefika zamani zaidi haulizwi sana.

Usimsikilize mmoja tu

Baada ya hapo nilimhoji bibi mmoja jirani, Mmakonde, ambaye wazazi wake walitoka ng'ambo ya Ruvuma. Jina lake silitaji, na la babu silitaji, sababu nitaisema hapo chini.

Babu alikuwa amenipa picha ya kambi ambayo watu wote walielewana kama ndugu. Bibi huyu aliposikia hivyo akaguna. Akasema kambi ziligawanywa: Waha huku, Wabena kule, Wamakonde upande wa korongoni, na Jumamosi kwenye pombe watu walipasuana vichwa. Wao waliitwa Wamawia, na halikuwa jina la heshima. Mpaka leo, akasema, mtu akikasirika kisimani analitoa.

Nikamuuliza ni lini aliona hapa ni kwao. Hakutaja kazi wala safari. Alitaja mtoto wake wa pili, aliyefariki akiwa na miaka mitatu. Mumewe alikuwa shamba la mbali. Waliochimba kaburi walikuwa Waha na Wabena wa kambi nyingine ambao hawakuwa wakisalimiana naye vizuri. Akaja na mtani mmoja, akaketi mlangoni akamzuia asitoke, akadai kuku ndiyo apishe njia, mpaka akamchekesha katikati ya msiba. "Nikajua hapa pana watu," akasema. "Na mwanangu nimeshamweka kwenye udongo wa hapa, nihamie wapi tena?"

Utani, kwa faida ya wenzangu waliokulia mjini, haukuwa mzaha mtupu. Watani walikuwa na kazi zao msibani, na kwa watu walio mbali na koo zao, mtani alishika nafasi ya ndugu. Hilo nililisoma darasani na kulijibia mtihani. Kwa bibi huyu nililielewa.

Unaona tofauti. Babu alihesabu uenyeji wake kwa uamuzi na nauli. Bibi aliuhesabu kwa kaburi na majirani. Ningeishia kwa babu ningeandika kwamba hivi ndivyo "manamba" wanavyojiona, kumbe hivyo ndivyo mwanamume mmoja anavyojiona.

Utafiti mkubwa umeonyesha jambo hilo hilo. Wakimbizi wa Burundi walioingia Tanzania baada ya mauaji ya 1972 wengine waliwekwa kwenye makazi kama Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na wengine walijichanganya mjini Kigoma. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliwahoji wa pande zote mbili katikati ya miaka ya 1980. Wa Mishamo walisimulia historia moja ndefu ya taifa lao lililo uhamishoni, iliyopangika karibu kama maandiko. Wa mjini walikuwa na visa vya mtu mmoja mmoja, wakijitambulisha kwa njia nyingi kulingana na mahali na mtu wanayezungumza naye. Watu ni wa nchi moja, walikimbia maafa yale yale. Kilichotofautiana ni mahali walipoishi baada ya hapo. Miaka mingi baadaye zaidi ya 160,000 kati ya wakimbizi hao wa 1972 na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania. Kwenye karatasi wote sasa ni kitu kimoja. Ukiwasikiliza, kila mmoja ana njia yake aliyopitia kufika hapo.

"Zima hicho kidude kwanza"

Mahojiano ya pili na babu hayakuishia kwenye treni. Jioni aliangalia simu yangu pale kwenye kigoda akasema, "Zima hicho kidude kwanza." Nikazima. Nikaigeuza kifudifudi aone. Akazungumza kama dakika kumi.

Aliyoyasema sitayaandika hapa, na sikuyaandika kwenye kazi ya mhadhiri pia. Alipomaliza aliniambia, "Hayo ni yako, siyo ya mwalimu wako." Kwenye kurasa zangu nane niliandika tu kwamba kuna sehemu msimuliaji aliomba isirekodiwe. Mhadhiri aliniuliza darasani inahusu nini. Nikamjibu siwezi kusema. Akaandika tiki pembeni, akasema hilo ndilo jibu sahihi.

Hili nataka tulielewe vizuri, maana sisi tumezoea kurekodi kila kitu na kukirusha kwenye magrupu. Unapomhoji mhamiaji au mtu wa jamii ndogo, sauti yake ni kitu kinachoweza kumdhuru. Mstari mmoja kuhusu alizaliwa upande gani wa mto unaweza kumletea matatizo yeye, au mtoto wake, au mjukuu anayefuatilia kitambulisho dirishani. Wazee wengi walizaliwa wakati mipaka haikuwa na maana tunayoipa leo, na Kiha na Kirundi zinakaribiana mpaka majina yanafanana. Ndiyo maana majina sitaji, kijiji sitaji, na kwenye kazi yangu nilibadilisha baadhi ya vitu vidogo ambavyo jirani angevitambua.

Ruhusa nayo haiombwi mara moja tu pale mwanzo. Mtu anakubali kabla hajajua atasema nini. Muulize tena mwishoni: hiki nikitumie, hiki nikiache?

Ukitaka kujaribu mwenyewe

Likizo inakuja, na wengi wetu tunakwenda kwa babu na bibi. Haya ndiyo ningependa mtu angeniambia kabla sijaanza.

Soma kwanza. Nisingejua mwaka wa reli ya Ruvu na Mnyusi, treni ya babu ingenipita. Ukiwa hujui kitu, huwezi hata kuona mahali simulizi inapokuwa na ajabu.

Anza na vitu vinavyoshikika: walilala wapi, walikula nini, nani aliwapokea, walizungumza lugha gani na mnyapara. Maswali ya utambulisho yaache yaje yenyewe, na mara nyingi yatakuja kupitia mlango mwingine. Ukiona kimya, kiache. Mimi kimya cha sekunde tano kilinitosha kukijaza na swali jipya, na nikisikiliza rekodi najisikia mwenyewe nikimkata babu mara kadhaa.

Nenda zaidi ya mara moja, na hoji zaidi ya mtu mmoja. Changanya wanaume na wanawake.

Andika alivyosema. Babu anachanganya Kiha na Kiswahili cha mashambani, na mwanzoni nilikuwa namsahihisha kwenye maandishi awe kama gazeti. Niliacha, maana lugha yake hiyo ni sehemu ya safari yake. Jiandae na muda pia: saa moja ya rekodi ilinichukua karibu saa sita kuiandika.

Na kwa wenzangu wa ualimu, tutakapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, tuwape wanafunzi kazi za aina hii, lakini tusimsimamishe mtoto mbele ya darasa kumuuliza kabila lake na asili ya babu yake. Mpe akamuulize babu kuhusu siku ya kwanza, au mlo wa kwanza, au jirani wa kwanza. Kila mtoto atarudi na kitu, hata ambaye jina lake linafanya watu wageuke.

Nisiwadanganye, njia hii ina mipaka. Haitakupa cheti cha kuzaliwa. Yule mtumishi wa dirishani hatapokea rekodi ya saa tatu kama kiambatisho. Kumbukumbu nayo inasahau, inapamba, inaficha, kwa hiyo lazima uilinganishe na hati na wasimuliaji wengine. Na kuna mambo utayajua ambayo hutakuwa na ruhusa ya kuyasema, hata kama yangeifanya kazi yako ing'ae.

Ilipopatikana nafasi nilimpelekea babu rekodi kwenye memori kadi, tukaiweka kwenye redio yake ndogo. Alisikiliza yote, mkono kashika shavu. Alirudisha sehemu ya treni mara mbili. Kisha akaniambia nina kosa moja la kurekebisha kwenye maandishi yangu: nilikuwa nimeandika kwamba walishuka Korogwe "wakiwa na kikapu". Kikapu, akasema, kilikuwa cha bibi yako peke yake, alikifuma mwenyewe, mimi sikuruhusiwa hata kukibeba.

Nimerekebisha.